Mjane wa Muleba

Wilbert, mchoraji aliyesomea Dar es Salaam, alikuja kwetu Nshamba, wilayani Muleba, mwezi wa saba, kajifunga skafu ya sufu shingoni katika jua la mchana, akasema anatafuta nyuso. Alisema hivyo tu, nyuso, kama mtu anayetafuta mbuzi wa kununua. Mama yangu, Kokuhirwa, alikuwa kibarazani ameshika shavu. Gego lilikuwa linamuuma tangu jana yake, na alikuwa anamsubiri baba alete gari wakaling'oe.

"Mama, usibadilike," Wilbert alimwambia huku akitoa karatasi zake. "Hayo macho ndiyo ninayoyataka."

"Nina jino," mama akasema.

"Ndiyo, mama. Vumilia kidogo."

Hakuuliza hata jina lake. Alichora, akapiga picha kwa simu, akaondoka kabla baba hajarudi.

Mimi nafundisha mjini Bukoba, naishi mtaa wa Bakoba. Miezi michache baadaye nilialikwa na walimu wenzangu kwenye maonyesho ya picha katika hoteli ya dada mmoja anayeitwa Klaudia. Nilipoingia nikakutana na mama yangu ukutani, mkubwa kuliko mlango. Uso ulikuwa wa kijani na wekundu wa damu, shavu moja limelundikwa rangi hadi limevimba, mdomo umepinda. Ilikuwa picha nzuri, na hilo liliniudhi zaidi. Chini yake paliandikwa: Mjane wa Muleba.

Wilbert alikuwa kasimama kando, anawaeleza wageni kwa sauti ya chini ya msibani. Mwanamke huyu, alisema, tangu amzike mumewe hajazungumza na mtu. Alimchora wakiwa kimya wote wawili. Mgeni mmoja alikuwa anafuta machozi. Nilitoka nje nikapiga simu nyumbani.

Jumamosi wazazi wangu walikuja. Mama alivaa gauni la kanisani. Baba, Mzee Protase, alivaa koti na kofia, akaja amenyoa ndevu. Wilbert alikuwa katikati ya maelezo yake. Mama alisubiri amalize, kwa sababu hana tabia ya kumkatiza mtu.

"Mimi ndiye huyo mjane," alisema kisha. "Na huyu ndiye marehemu."

Baba alivua kofia akawasalimu watu.

Wilbert alijitahidi kutabasamu. "Mama, katika sanaa picha si ya mtu fulani. Ni uchungu wa wanawake wote."

"Pua ni ya nani?"

"Ni yako, lakini..."

"Na hili kovu la kwenye nyusi?"

Wilbert akageuka kuitazama picha.

"Nilikwambia nina jino," mama aliendelea, bila kupandisha sauti. "Ukanizikia mume. Umesoma Dar es Salaam miaka yote hiyo, na mtu akikuambia kinachomuuma humsikii."

"Tunaweza kubadilisha jina, mama. Tuandike 'Mama' tu."

"Mama wa nani? Mimi sikukuzaa wewe."

Klaudia alikuja mwenyewe, akabandua ile karatasi ya jina, akamwomba mama samahani na kuagiza chai. Mama alishukuru, akasema wana safari. Yule mgeni wa machozi alikuwa ameshahamia kwenye picha ya ng'ombe. Wilbert alibaki anaikunjakunja skafu yake, na ni baba peke yake aliyempa mkono wa kwaheri, kwa kuwa baba humpa mkono kila mtu.

Picha bado iko pale hotelini. Nimesikia haijapata mnunuzi.

Kabla ya Krismasi Wilbert alikuja tena Nshamba, safari hii bila skafu, kuomba radhi. Nilikuwepo. Mama alikuwa anamenya ndizi. Kwetu hata anayekuja kudai hupewa punje za kahawa za kutafuna kwanza, ndipo aseme shida yake. Wilbert alikaa kwenye benchi, akaeleza, akaeleza tena. Kikapu cha kahawa kilikuwa ndani, nyuma tu ya mlango, na mimi nilipotaka kuinuka kukileta mama alinitazama nikakaa.

"Nimekusikia," alimwambia alipomaliza. "Nenda salama."

Akaendelea kumenya. Wilbert alikaa kidogo, akaaga, akashika njia ya migombani kuelekea barabarani. Mama hakuinua kichwa kumtazama.