Mwaka Uliobaki Kwenye Mashine

Zvezdan alipopiga simu, Radojka alikuwa na bisibisi mdomoni na cherehani ya watu imefumuliwa mezani. Aliona jina kwenye kioo cha simu, akaitoa bisibisi taratibu, akaifuta kwenye aproni, akaiacha simu iite mpaka ikakata. Ikaita tena. Miaka minne yule mtu akimwona anavuka barabara, leo anapiga mara mbili mfululizo.

“Shemeji, habari za siku nyingi.”

“Nani mwenzangu?” Alimjua vizuri sana.

“Zvezdan hapa, wa mawe. Usinifanyie hivyo, shemeji. Mashine yangu ya kuchongea imechanganyikiwa. Nikihifadhi kazi jioni, asubuhi siioni. Fundi wangu kahamia Ujerumani, na nina kazi za makaburini wiki hii hii.”

“Kwa hiyo kabaki marehemu peke yake.”

Zvezdan alikohoa.

“Nitakuja Alhamisi,” alisema Radojka, akakata.

Sasa hilo jina la “marehemu”, ambalo watu walimwita Radojka, lilitoka kwa huyo huyo Zvezdan. Milutin, mume wa Radojka, alifariki Januari 2019. Siku ya arobaini watu wakakusanyika makaburini Lipovac, na kama ilivyo desturi ya huko jina la mjane likachongwa pembeni ya la mumewe: jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu nafasi tupu ya kungoja mwaka wa kufa. Zvezdan, rafiki wa Milutin tangu jeshini, ndiye aliyekuja na ile mashine yake ndogo ya kubebeka. Akaibana kwenye jiwe, akaifunika turubai kwa ajili ya vumbi, akabonyeza kitufe, akaenda kunywa na wenzake. Dakika kumi na mbili baadaye akavuta turubai mbele ya watu wote. Radojka Stanojlović, 1964, kistari, 2019.

Mama mkwe alianguka. Padri alijifanya anatafuta kitabu chake. Na Zvezdan, badala ya kusema samahani, akatoa mfukoni karatasi ambayo Radojka alimwandikia siku ya mazishi, machozi yakidondokea wino. Kweli 2019 ilikuwemo, ila ni mwaka wa Milutin.

“Mimi nachonga ninachopewa,” aliwaambia watu. “Kaandika mwenyewe, kasaini mwenyewe. Msimlaumu, ana majonzi, na pombe ya rakija siku ile ilikuwa nyingi.”

Basi ikawa hivyo. Radojka akawa mlevi aliyejizika mwenyewe. Kwenye duka la mkate mwenye duka alimuuliza, “Marehemu leo anachukua mweupe au wa shayiri?” na foleni nzima ikacheka, naye akacheka nao, angefanyaje. Lakini nyumbani hakucheka. Ulikuwa mwezi Machi, na mwaka ambao jiwe lilisema atakufa ulikuwa na miezi kumi mbele yake. Hakupanda basi. Hakupanda ngazi. Kichwa kikimuuma anaketi chini na kungoja. Binti yake Jasna, muuguzi, alikuwa ameshapata kazi ng'ambo, hospitalini Trieste, na sanduku limefungwa. Akalifungua, akarudisha nguo kabatini, akasema hamwachi mama mwaka huu. Mwaka ulipoisha mama akiwa mzima, ile nafasi ilishachukuliwa na mwingine. Mpaka leo Jasna anafunga vidonda kwenye zahanati ya Lipovac, na hajawahi kumlaumu mama yake hata siku moja. Hilo ndilo lililomkera Radojka kuliko yote.

Wakati ule alimwomba Zvezdan amwonyeshe kumbukumbu ya mashine. Yeye ni fundi, miaka ishirini na mitano amefumua mashine za kudarizi, za kuchonga vikombe vya mashindano, za kila namna, eneo zima la Šumadija. Zvezdan akamjibu kwamba ameshafuta kila kitu. Sasa mtu aliyefuta kila kitu alikuwa anamwita mwenyewe aje aangalie. Ungekataa wewe?

Alhamisi alifika na mkoba wake. Karakana ilikuwa na vumbi jeupe kila mahali, na Zvezdan alikuwa amenona kidogo na kupaka rangi nywele. Alimkaribisha kahawa mara tatu. Radojka aliikataa mara tatu.

“Tatizo liko hapa,” Zvezdan alisema, akigonga kisanduku cha mashine kana kwamba anagonga mlango. “Natuma kazi kutoka kwenye kompyuta, inaniambia imepokea. Naizima, naiwasha, hakuna kitu. Nimebadilisha waya. Nimebadilisha betri.”

“Ulipobadilisha betri kulikuwa na shida gani na betri?”

“Hakuna. Nilibadilisha tu.”

Radojka aliwasha, akafungua orodha ya kazi zilizohifadhiwa, na hakuhitaji hata dakika mbili. Mashine ile ina nafasi mia za kuhifadhi. Zote mia zilikuwa zimejaa. Ikijaa haigombi wala haipigi kelele. Inashika kazi mpya kichwani tu kwa muda, na umeme ukizimwa inaisahau. Dawa yake ni kufuta za zamani, basi. Zvezdan hakuwa amefuta hata moja tangu ainunue.

Hapo Radojka akaweka bisibisi chini. Hajafuta hata moja.

“Nisogezee taa,” alisema, na Zvezdan akaisogeza, kisha akatoka nje kuongea na simu.

Akateremka kwenye orodha. Namba arobaini: mzee mmoja wa Topola, 1938 hadi 2019. Namba arobaini na moja: yeye. Akafungua zote mbili, moja baada ya nyingine. Kwenye kazi yake sehemu ya mwaka wa kufa haikujazwa na mkono wa mtu. Mashine ilikuwa imepangwa ibakize: sehemu ukiiacha tupu, inachukua kilichokuwemo kwenye kazi iliyotangulia. Mwaka ule ulikuwa wa mzee wa Topola. Zvezdan aliiacha sehemu tupu, kama ilivyotakiwa, na hakutazama kioo kabla ya kubonyeza. Kosa la mtu mwenye haraka ya kwenda kunywa. Kosa kama hilo Radojka angelisamehe, kweli kabisa, hata siku ile ile pale kaburini.

Ila mashine huandika pia siku na saa kila kazi inapofunguliwa. Kabla ya leo, kazi namba arobaini na moja ilifunguliwa mara ya mwisho Jumatatu baada ya arobaini ya Milutin, saa mbili asubuhi. Hakuna kilichobadilishwa. Mtu alifungua, akatazama, akaelewa, akafunga. Halafu akaenda mjini, na jioni hiyo hiyo akarudia hadithi ya rakija.

Radojka alikaa na ile tarehe mbele yake. Alimchukia yule mtu mpaka meno yakamuuma. Miaka minne alikuwa akijiambia labda Zvezdan mwenyewe hajui.

Zvezdan akarudi na karatasi kubwa, akaikunjua mezani. Ilikuwa picha yake mwenyewe ya kuchongwa: suti, tai, mkono juu ya boneti ya gari. “Jumamosi ni nusu mwaka tangu mzee wangu afariki,” alisema. “Watakuwepo watu wote. Nitajiweka pembeni yake pale pale, waone kazi inavyofanyika. Mimi, 1963, kistari, basi. Ya nini kuwasumbua watoto baadaye?”

“Kabla ya hapo una kazi nyingine?”

“Ijumaa tu. Ljubodrag, yule wa posta aliyefariki mwezi uliopita.”

Ijumaa Ljubodrag, 2023. Jumamosi Zvezdan. Radojka alihesabu mara moja na hakurudia.

Alifuta kazi tisini za zamani, akaacha kumi, na namba arobaini na moja akainakili kwenye kifaa chake kabla ya kuifuta. Akajaribu kuhifadhi, akazima, akawasha, kazi ipo. Zvezdan akapiga makofi. Palibaki jambo moja, ule mpangilio wa kubakiza. Ni kitufe kimoja: bakiza, au futa. Kidole chake kilikuwa juu yake. Fundi mwema angebadilisha na asiseme kitu. Radojka aliondoa kidole.

Kisha akatoa kitabu chake cha kazi, akaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka, mstari wa tatu: sehemu isiyojazwa inabaki na mwaka wa kazi iliyotangulia, mwenye mashine aifute kwa mkono na kutazama kioo kabla ya kuchonga.

“Soma, kisha usaini.”

“Nisome nini, shemeji? Nakuamini.”

“Nimekwambia usome.”

“Miaka ishirini nafanya kazi hii,” alisema Zvezdan, simu ikiwa begani tayari, akasaini juu ya goti lake bila kutazama. Akamkonyeza. “Tumalize yale mambo ya zamani, eh? Watu wameshasahau.”

Msimwonee huruma. Alipewa nafasi mbili, na Radojka hakupewa hata moja.

Ijumaa nzima Radojka hakula vizuri. Hakuwa na majuto, msinielewe vibaya. Aliogopa Zvezdan asije akausoma ule mstari. Aliomba asiusome, na aliomba akimtaja Zvezdan kwa jina lake kamili.

Jumamosi makaburi yalijaa. Waliweka ngano tamu yenye jozi, chakula cha kuwakumbuka wafu, juu ya jiwe, mkate, nyama ya kuchoma, chupa za rakija ya plamu, mishumaa ikizimwa na upepo na kuwashwa upya. Radojka alikuwa safu nne chini, akipangusa jiwe la Milutin, mahali anapoona kila kitu. Zvezdan aliibana mashine, akaifunika turubai, akawaeleza watu jinsi teknolojia ilivyo. Akabonyeza. Akaenda kunywa.

Zilipotimia dakika kumi na mbili aliwaita wote wasogee, akavuta turubai, akapangusa vumbi kwa brashi huku ameelekeza uso kwa watu ili aone wanavyoshangaa. Walishangaa kweli. Mkewe Slavica alijifanyia ishara ya msalaba. Mtu mmoja nyuma akaguna kicheko, akakimeza.

Zvezdan akageuka. 1963, kistari, 2023.

“Sikuandika mimi,” alisema. Sauti ilipanda. “Hii ni mashine. Mwaka ukiacha wazi inabakiza wa kazi ya jana. Ni wa Ljubodrag huu, si wangu. Haina uhusiano na mimi. Inabakiza, mnaelewa? Inafanya hivyo siku zote.”

Shangazi yake Perunika, bibi wa miaka themanini mwenye fimbo na masikio mazima, akauliza, “Siku zote?”

“Siku zote, shangazi.”

“Basi na ule wa Radojka?”

Mwenye duka la mkate alikuwa pale pale, na sahani mkononi. Zvezdan alitazama watu, akatazama jiwe, na nadhani kama asingekuwa na ile namba mbele ya macho yake angedanganya tena. Lakini alihitaji waamini kwamba ni mashine. Alihitaji kuliko hewa.

“Na ule,” alisema. “Ulikuwa hivyo hivyo. Hakuandika yeye.”

“Na ulijua?”

“Nilijua.”

Vichwa vikageuka kushuka zile safu nne. Radojka aliendelea kupangusa jiwe. Mwenye duka la mkate akateremka mpaka kwake, akasema, “Dada Radojka,” akiwa bado na ile sahani mkononi. Radojka alimwambia ngano ipo, achukue kijiko. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha na hakuona aibu yoyote.

Baadaye, alipokwenda kwenye bomba kunawa, Zvezdan alimfuata. Slavica alikuwa ameshamnyang'anya funguo za gari, kwa hofu ya ule mwaka. Uso wa Zvezdan ulikuwa na rangi ya lile vumbi la karakana.

“Ulifanya makusudi.”

“Nilikuandikia, ukasaini. Lakini ndiyo, makusudi.”

Radojka alitegemea matusi, na alikuwa na ya kwake tayari. Zvezdan hakutukana. Alishika ukingo wa bomba.

“Najua ni Ljubodrag,” alisema polepole. “Najua ni mashine, mimi nimeshaona mambo haya. Lakini tangu nilivyoiona, shemeji, hapa kifuani...” Akajimwagia maji usoni. “Wewe ule mwaka ulikuwa unalalaje?”

Yalikuwepo ya kumwambia. Kwamba ukilala umeketi inasaidia. Kwamba mbaya zaidi ni asubuhi, na baada ya kahawa inapungua. Kwamba mtu akiwa nawe chumbani unapumua. Jasna ndiye aliyekuwa chumbani, kwa gharama ya Trieste yote. Radojka alifunga bomba, akakausha mikono kwenye sketi.

“Sasa ni Oktoba, Zvezdan,” alisema. “Wewe una miezi miwili na kitu. Mimi nilikuwa na kumi.”

Akachukua kikapu chake, akaenda kumpigia Jasna simu.