Chumba cha Kulilia

"Mwanasaikolojia wetu huyo! Njoo unipime akili, huyu mume ananitia wazimu!" Jirani, Mama Pasing, alimtania Rowelyn huku ameliweka beseni lake la kufulia katikati ya uchochoro.

Rowelyn alicheka, mkate wa moto mkononi. Juu yake lilining'inia bango la pongezi lililotundikwa alipofaulu mtihani wa leseni ya saikolojia: sura yake ndogo pembeni, sura ya mwenyekiti wa mtaa katikati, utadhani yeye ndiye aliyekesha akisoma. Wenzake wa darasani walikuwa wanauza bima, wengine wameenda ng'ambo kulea wazee wa watu. Yeye peke yake alipata kazi ya kile alichosomea: kuwasikiliza wapokea simu wa kampuni moja hapo Quezon, Ufilipino, wanaotukanwa usiku kucha na wateja wa Marekani.

Alipofika tu, meneja, Bwana Evardone, alimwita.

"Keti, dada. Wakubwa wanataka tupunguze watu. Nitajie wanaokuja kulia kwako."

Rowelyn alidhani hakusikia vizuri. "Niwataje ili iweje?"

"Tuanze na hao. Si wamechoka? Wakapumzike."

"Bosi, hizo ni siri za watu! Niliapa."

Evardone alitabasamu kwa upole, na upole ule ulimtisha kuliko kelele. "Nimekuuliza kwa heshima tu. Kile kidude cha kutambua moshi, pale darini juu ya kiti chako, unadhani kinanusa moshi?"

Evardone alijiegemeza kitini.

"Kinarekodi tangu ulipoajiriwa. Mashine ya akili bandia imejifunza kwako, dada. Mwezi ujao itawasikiliza yenyewe. Hata ile 'mmh' yako inaijua."

Muda wote huo alikuwa akiwaambia watu, semeni tu, hapa mko salama.

Mlangoni pa chumba chake cha ushauri alimkuta Jomar, mmoja wa wapokea simu, ametoka zamu, macho mekundu. Jomar alimfuata ndani akianza kusema kabla hata ya kukaa. "Dada Rowe, jana tena nilitaka ku..."

Rowelyn alimziba mdomo kwa kiganja. "Usiseme humu. Twende chini."

Waliketi kwenye viti vya plastiki kando ya muuza vibonge vya samaki, malori yakinguruma. Jomar alimwangalia kwa mshangao.

"Nitakusikiliza hapa mpaka umalize," Rowelyn alisema. "Lakini kwanza nikwambie walichokufanyia kupitia kwangu. Kisha ukawaite wenzako."