Kisu Kilichosuguliwa

Kisu cha kaka yangu hakikuwa cha kung'aa. Kilikuwa cha chuma kile kinachoshika kutu upesi. Miaka kumi na mmoja buchani alikikatia nyama yenye joto, akikifuta kwa kitambaa kikavu kila mara, hadi ubavu wake ukawa wa kijivu wenye ubuluubuluu. Rangi hiyo ndiyo iliyozuia kutu. Mimi mdogo wake, niliyeitwa Sabuni kwa kupenda usafi, sikulijua hilo. Niliona uchafu tu.

Asubuhi tuliyoambiwa bwana afya anakuja kukagua bucha, nilikisugua kwa waya wa sufuria na majivu mpaka kikawa cheupe pee.

Kaka aliingia, akakishika, akakigeuza mara mbili.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, kaka. Kilikuwa kinatutia aibu."

Alinipiga kwa mpini mdomoni. Jino likatoka. Nikaangukia gogo la kukatia nyama, akanivuta kola, akanipiga tena, na tena, damu ikanijaa kooni. Mkono wangu ukapapasa ndoano ya kutundikia nyama, nikamchoma nayo begani. Akanguruma. Shemeji, mke wake, akaiacha mizani akajitupa katikati yetu.

"Mtauana kwa ajili ya kisu?"

Kaka alirusha mkono bila kutazama. Kisu bado alikuwa nacho. Kilimpasua shemeji kiganja, toka kidole gumba hadi kwenye kifundo cha mkono.

Kaka alivua aproni, akamfunga mkono.

Zahanatini, daktari aliuliza kulikoni.

"Ameteleza," kaka akasema.

"Sikuteleza," shemeji akasema. "Andika nitakayokwambia mimi."

Kaka alikaa jela miezi saba. Nikabaki na bucha. Siku ya kwanza tu, kisu kile cheupe kilishika kutu. Nikajifunza kwa kuumia: kata nyama ya moto, futa, kata, futa. Mwezi wa nne ubuluu ukaanza kuonekana karibu na ncha. Vidole viwili vya shemeji havikukunjika tena.

Kaka alipotoka, alisimama mlangoni.

"Naruhusiwa kuingia?"

"Muulize mdogo wako," shemeji akamjibu, macho kwenye mizani.

Nilimwambia aingie, ila kisu asikiguse tena. Aliitika kwa kichwa, akaufuata ufagio.