Namba Iliyoitwa Usishike

Mtu akienda Umra huwaaga watu, na kuaga kwenyewe si kupunga mkono tu. Hupita kwa jirani, kwa mteja, hata kwa shemeji waliyenuniana, akasema: kama nimekukosea nisamehe, na kama nina deni lako nidai nilipe. Swabra aliwaona wengi wakipita kwao hivyo tangu utotoni, hapa hapa mjini Machakos, na aliwaonea wivu kidogo. Sasa zamu yake ilikuwa imefika. Alikuwa amedunduliza kwa miaka kutoka kwa duka lake la leso na madira karibu na soko, nauli ikalipwa, na safari ikapangwa Jumapili, yeye na kina mama wenzake wa msikitini chini ya kiongozi wao, Bi Halima.

Taabu ilikuwa miguu. Siku ya kwanza aliaga mtaa mmoja tu, kwa sababu kila nyumba ilimkalisha ikamtilia chai. Kwa mwendo ule angemaliza kuaga wakati wenzake wanarudi. Ndipo binti yake Faiza, anayeshona nguo kiwandani EPZ Athi River na ambaye kila jambo kwake lina njia ya mkato, alipoichukua simu ya mamake na kumwambia atamalizia mji mzima kabla chai haijapoa. Swabra alisema maneno, Faiza akaandika:

"Assalamu alaikum. Mungu akipenda Jumapili nasafiri kwenda Umra. Kama nimekukosea naomba unisamehe. Kama niko na deni lako, niambie ni la nini nikulipe kabla sijaondoka. Ni mimi Swabra wa leso."

Faiza akautuma ujumbe huo kwa kila mtu aliyekuwa kwenye simu ile. Kila mtu, bila kuchagua, na hapo ndipo alipokosea.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Dua zilimiminika. Mwanamke wa Matuu anayemuuzia maembe alimkumbusha beseni lake la bluu. Mwendesha boda boda mmoja wa Kangundo alisema hana neno, ila ile siku ya mvua kubwa Swabra alikimbilia ndani na nauli ikasahaulika. Swabra alicheka, akamtumia pesa zake, akaahidi beseni litapelekwa. Kila jibu lilimwondolea kitu kifuani. Kisha likaja jibu kutoka kwa namba aliyoiandika Usishike.

"Asante kwa kukiri deni lako," lilisema. "Afisa wetu atakutembelea kesho."

Wengi wetu tuna Usishike wetu kwenye simu, kwa hiyo tusimcheke Swabra. Miaka michache nyuma alichukua mkopo benki akajaza duka. Aliulipa wote, na malipo ya mwisho aliyapeleka kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia yule wa kaunta waifunge akaunti ya mkopo. Akajibiwa sawa mama, imeisha. Basi miezi ilipopita na mtu asiyemjua akaanza kumpigia akidai pesa za benki, Swabra aliamua ni matapeli tu, akaihifadhi namba ile kwa jina hilo la Usishike ili asije akaipokea kwa kusahau. Kwenda benki kuuliza hakwenda. Kusema kweli, aliona haya, maana mtu akiingia benki kuuliza habari za deni, foleni nzima humtegea sikio.

Afisa alifika kweli. Aliitwa Ndambuki, wa kampuni inayodai madeni kwa niaba ya benki, mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi na viatu vimejaa vumbi. Hakupiga kelele. Laiti angepiga, Swabra angejua la kufanya.

"Madam, mimi sibishani na mtu," alisema, akimwonyesha ujumbe wake mwenyewe kwenye simu. "Umeandika uko na deni. Ni elfu arobaini na moja. Ulipe kabla ya Jumamosi ama tutakuja kubeba hizi leso."

Mteja aliyekuwa akichagua leso aliirudisha mahali pake taratibu, akatoka bila kuaga. Swabra alijaribu kueleza kwamba ule ni ujumbe wa msafiri, kwamba ndivyo wao wanavyoagana, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kusikika kama mtu anayetafuta pa kutokea. Ndambuki alimsikiliza hadi mwisho, akasema deni ni deni, akaenda zake.

Alichofanya baadaye ndicho kilichouma. Jina la Bi Halima lilikuwa limeandikwa benki tangu zamani kama mtu wa kupigiwa mwenye mkopo akikosekana, na Ndambuki akampigia. Alasiri hiyo Bi Halima alikuja dukani, akakaa, akauliza habari za mzigo wa safari, akasifu madira. Mwishowe akasema, bila kumtazama, kwamba yeye hamzuii mtu, lakini anayejua ana deni ni vizuri alimalize kwanza, na kwamba nafasi inaweza kusogezwa hadi safari nyingine. Alikuwa mpole sana. Swabra angependelea kofi.

Pesa zenyewe zilikuwepo. Zilikuwa zimefungwa kwenye kanga, za chakula chake huko na zawadi za kurudi nazo, zikizidi kidogo elfu arobaini na moja. Swabra alizitazama akafikiri azitoe zote yaishe, aende mikono mitupu, atakula na wenzake. Wala hakuwa akimwogopa Ndambuki. Aliogopa kwamba huenda ni kweli. Aliogopa kusimama mbele ya Kaaba akilia huku kuna mtu Machakos anamdai, na kila dua yake inagonga mwamba kwa sababu ya ujeuri wa kutoshika simu.

Faiza aliomba ruhusa kazini, akaja na uso wa mtu aliyevunja sahani za wageni. Alimkataza mamake kulipa hata shilingi kabla hawajaliona deni lenyewe. Swabra akasema ni heri alipe asilodaiwa kuliko asafiri na analodaiwa. Faiza akamjibu kwamba akilipa bila kujua, hatajua kamwe alikuwa na deni au hakuwa, na wasiwasi huo atapanda nao ndege. Maneno hayo yalimwingia Swabra. Alijifunga mtandio, akaiweka kanga yenye pesa ndani ya mkoba, wakaenda benki. Faiza alimpigia Ndambuki akamwambia awakute huko, aje achukue kilicho chake. Hakueleza zaidi.

Kwenye meza ya wateja alikuwepo Kavindu, dada mchangamfu ambaye alikuwa amenunua leso kwa Swabra mara kadhaa. Ndambuki alikuwa wa kwanza kusema. Akaweka simu mezani, akaeleza kwamba mteja amekiri kwa maandishi, na sasa iliyobaki ni kulipa tu.

Kavindu aliusoma ujumbe, akaziba mdomo. Kisha akatoa simu yake mwenyewe kwenye droo, akaiweka kando ya ile nyingine. Ujumbe ulikuwa ule ule, neno kwa neno.

"Hata mimi alinitumia," alisema. "Nilikuwa nafikiria nimdai nini. Hata yule askari wa mlangoni alitumiwa. Kwani Mama Faiza ako na deni ya branch nzima?"

Askari wa mlangoni aliinua mkono kuthibitisha, na watu wa foleni wakacheka. Faiza naye akacheka. Swabra hakucheka. Kicheko kingemtoa aibu, lakini hakingemjibu swali lake, naye hakuja pale kutolewa aibu. Alimgeukia Ndambuki, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze, sauti yake ilikuwa ile anayotumia kwa wauzaji wa jumla.

"Soma tena ujumbe wangu. Soma mpaka mwisho."

Ndambuki akasoma, midomo ikitembea.

"Nimesema uniambie ni deni la nini," Swabra aliendelea. "Mwenye beseni aliniambia ni beseni. Mwenye boda aliniambia ni ile siku ya mvua. Wewe uko na miezi unanipigia, umekuja dukani, umempigia kiongozi wangu, na hilo hujaniambia. Sasa niambie. Likiwa la haki, pesa ziko hapa kwa mkoba, uende nazo."

Ndambuki aliipekua simu yake, akairudisha mezani.

"Mimi napewa jina na pesa tu, madam," alisema. "Hiyo ingine sijui."

"Basi tujue sisi wote," akasema Swabra, na kumtazama Kavindu.

Kavindu aliacha kucheka, akaifungua akaunti kwenye kompyuta yake na kuwageuzia kioo wote watatu waone. Mkopo ulikuwa umelipwa wote, kama Swabra alivyosema. Ombi la kufunga akaunti lilikuwepo pia, limeandikwa siku ile ile, halafu halikuguswa na mtu. Akaunti iliachwa wazi, tupu, na mwezi uliofuata ikakatwa ada ya kutunzwa. Kwa kuwa haikuwa na kitu, ikatozwa faini ya kukosa pesa za ada. Kisha bima ya mkopo ambao haupo tena. Kisha faini juu ya faini, mwezi baada ya mwezi, na juu kabisa, gharama ya kuilipa kampuni ya kina Ndambuki aje kuyadai hayo yote.

Kavindu alikuwa akisoma kwa sauti, lakini kila mstari sauti ilizidi kushuka. Ndambuki alikuwa ameinama karibu na kioo kuliko wote.

"Hata mimi singelipa," alisema, kana kwamba anajiambia mwenyewe.

"Hii si deni yako, Mama Faiza," akasema Kavindu. "Hii ni makosa yetu."

Alisema malalamiko ya namna hiyo kwa kawaida huchukua wiki mbili. Swabra akamwambia Jumapili haina wiki mbili. Kavindu akaingia kwa meneja, akakaa sana, na Swabra alikaa kwenye kiti akiuvuta uradi wake kimoyomoyo. Kavindu alipotoka alikuwa na barua yenye muhuri: makato yote yamefutwa, akaunti imefungwa, mteja hadaiwi chochote, na benki inaomba radhi. Swabra aliisoma mara mbili. Kisha akalia, pale pale mbele ya foleni nzima, kilio kifupi cha mtu aliyetua gunia, na hakuona haya hata kidogo.

Alipofuta macho alibakisha jambo moja tu. Alimtaka Ndambuki ampigie Bi Halima, sasa hivi, wakiwa wote wanasikia. Ndambuki akapiga. Alisimama wima kama yuko mbele ya chifu, akaeleza kwamba yeye ndiye aliyepiga juzi, kwamba mama huyu hana deni wala hakuwa nalo, na kwamba kosa ni la benki. Bi Halima alimsikiliza, kisha akaomba azungumze na Swabra, na alichosema ni kwamba Jumapili waondoke mapema kwa sababu ya msongamano, na amsamehe. Swabra alimsamehe kabla hajamaliza neno.

Ndambuki hakuondoka. Alibaki akizungusha simu mkononi.

"Mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba, si madam tena. "Wewe uliomba kila mtu msamaha. Na mimi naomba."

Kuomba msamaha kulikuwa rahisi, ilikuwa ni kubonyeza tu. Kutoa, kwa mtu huyu aliyesimama mbele yake, aliyemfukuzia mteja na kumtia Bi Halima mashaka, kulimwia vigumu. Alitaka kumwambia aende akaombe msamaha kwa benki yake. Lakini barua ilikuwa mkononi, pesa zilikuwa bado kwenye kanga, na mwanamume yule alikuwa na vumbi lile lile kwenye viatu.

"Nimekusamehe," alisema. Kisha, kwa kuwa neno lilitoka bila kumuumiza kama alivyotarajia, akaongeza, "Niambie ni dua gani nikuombee huko."

Ndambuki alifikiri. Akasema amwombee kazi nyingine.

Jumapili asubuhi, wakiwa uwanja wa ndege na mizigo imeshapimwa, simu ya Swabra ililia. Faiza alinyoosha shingo kuona ni nani. Kwenye kioo, badala ya Usishike, palikuwa pameandikwa Ndambuki, na mamake akaishika.