Mfuko Nyuma ya Jicho

Onyancha hakuwa na cheti, hakuwa na gari, na tangu mkewe afariki hakuwa na mtu wa kumwambia, "Hapo umekosea." Alichokuwa nacho ni mwandiko mzuri, alioupata shule ya usiku baada ya kufunga buchari yake ya nyama mjini Migori.

Kwa mwandiko huo, mwezi uliopita, alimrudisha Roseline, mke wa mwanawe, kwao Rusinga na barua mkononi: binti yenu amempiga mtoto hadi jicho likatokeza. Barua ilisomwa mbele ya ukoo mzima.

Sasa alisimama hospitalini Homa Bay, akitazama picha ya kichwa cha mjukuu wake, Lynnet. Millicent, mpiga picha wa hospitali, aligusa kioo cha kompyuta kwa kalamu.

"Hakuna mfupa uliovunjika, mzee. Hakupigwa. Huu mduara nyuma ya jicho ni mfuko wa maji. Daktari anasema umetokana na tegu, mnyoo wa mbwa."

"Mbwa humtoa wapi?"

"Akila maini ya kondoo yenye mifuko kama hii. Mtoto akimshikashika mbwa, mayai ya tegu huingia mdomoni."

Mfuko ule Onyancha aliufahamu kuliko Millicent. Miaka thelathini aliukata kwenye maini, mweupe, umejaa maji, akautupa nyuma ya buchari. Mbwa wake aliudaka hewani. Lynnet, kila alipokuwapo, alipiga makofi, kisha akamkumbatia mbwa shingoni.

"Atapasuliwa Jumatatu," Millicent alisema. "Mama yake yuko wapi?"

"Amesafiri."

Nje, kwenye benchi, Lynnet alimvuta koti. "Babu, umwambie mama sikulia kwenye mashine."

Alipiga simu. Roseline alisikiliza hadi mwisho.

"Ningekuja leo, baba. Lakini baba mzazi amekataa. Anasema alisomewa barua mbele ya watu, na nyingine isomwe mbele ya hao hao."

Karatasi ya kwanza ilikuwa na neno "huenda". Akaichana. Ya pili ilimlaumu mbwa. Ya tatu ilikuwa fupi, na herufi zake zilipinda: *Roseline hana kosa. Ugonjwa niliutupa mimi nyuma ya buchari, kwa mkono huu unaoandika. Mtoto anamwita.*

Akalamba gundi, akaikandamiza bahasha kwa kiganja, akaipeleka kwenye ofisi ya magari ya Mbita, njia ya kwenda Rusinga.

"Ni ya haraka, mzee?" karani aliuliza.

"Imechelewa mwezi mzima."

Karani akamrushia utingo aliyekuwa juu ya gari, naye akaidaka hewani.