Silabi ya Nne

Niliogopa tangu natoka kijijini Pito, na dereva wa bodaboda hakunisaidia, maana aliendesha kama mtu anayefukuzwa.

Shule moja ya mchepuo wa Kiingereza mjini Sumbawanga ilitaka mwalimu mmoja. Tulikuja kumi na wanne. Mimi nimejitolea miaka mitatu kwenye shule ya kata bila ajira. Nikiikosa hii, narudi shambani, na diploma yangu nifungie vitumbua.

Ndani ya chumba cha usaili walikaa watatu. Mwenyekiti wao, Mwalimu Cornelius, aliandika ubaoni: responsibility.

"Haya, Mwalimu Silvana. Ligawe silabi, watoto wasikie mkazo unakaa wapi."

Neno hilo nilikuwa nalo kichwani. Mama yangu, Luciana, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini ndiye niliyejifunza naye. Msimu uliopita, tukipura ulezi, nilitamka maneno marefu huku napiga fimbo: mimi pigo jepesi kwa kila silabi, yeye, nikimwashiria kwa kichwa, pigo zito penye mkazo. Kwetu pigo zito ni la mkubwa, mtoto haligusi. Tuliyapitia maneno yote hivyo mpaka ulezi ukaisha.

Nikaanza kugonga meza kwa kidole. "Ri. Spon. Si."

Nikanyamaza. Nilikuwa namsubiri mama.

Kimya kile simtakii hata adui. Jasho lilinitoka mgongoni, na Sumbawanga ya Julai ilivyo na baridi! Mkono ulibaki hewani, haushuki. Kalamu ya Mwalimu Cornelius ikasogea kwenye karatasi yenye majina yetu. Akilikata langu, nimekwisha.

"BI!" Niliipiga meza kwa ngumi, vikombe vya chai vikaruka. "Li. Ti."

Wote walishtuka, na mimi zaidi yao. Mwalimu Cornelius alifuta chai kwenye karatasi yake.

"Meza ni ya shule, mwalimu," alisema. "Unaweza kwenda."

Nikatoka nikijua nimeharibu. Saa kumi walibandika jina moja mlangoni. Langu.

Nilimpigia mama.

"Shikamoo mama. Nimepata."

Alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kisha akasikia.

"Mbona unalia?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini tena, na kazi umepata?"

"Jumatatu nitasimama mbele ya watoto arobaini, mama. Wote watanisubiri mimi."