Makopo ya Bibi Moshi

Mtaa mzima ulimwita Bibi Moshi, lakini aliyethubutu kulitamka jina hilo mbele yake alikuwa mmoja tu, fundi matairi wa jirani, ambaye hakuwa na adabu na hakuwahi kudai kuwa nayo. Jina lenyewe lilikuwa la haki. Kila alasiri, jua likianza kulegea, mama huyu alisimamisha cherehani yake, akachukua maganda ya machungwa yaliyokauka na majani ya mwarobaini, akayatia kwenye kopo la makaa na kuzunguka nalo nyumba nzima: uvunguni, nyuma ya kabati, mpaka chooni. Wateja wake walisema suruali iliyoshonwa kwa Bibi Moshi huitambui kwa mshono, unaitambua kwa pua.

Yeye na mbu walikuwa na kesi ya zamani. Watoto wake wote aliwalea katika nyumba ile, na kila mmoja alimuuguza homa kwa zamu yake, kwa hiyo hakuwa na mzaha katika jambo hili. Chandarua chake hakikuwa na tundu. Pipa lake la maji lilikuwa na kifuniko, na juu ya kifuniko kulikuwa na jiwe. Akipita kwa watu na kuona ndoo imesahauliwa uani na maji ya mvua, hakubisha hodi. Aliingia, akaimwaga, ndipo akasalimia.

Sasa, binti yake wa mwisho, aliyekuwa akikatisha tiketi kwenye kituo cha mabasi ya masafa marefu, alijifungua mtoto wake wa kwanza, akaja kumalizia likizo ya uzazi kwa mama. Bibi Moshi alifurahi hadi akasahau kugombana na watu. Mtoto alikuwa wa kiume, mnene, mapaja yamejaa mikunjo kama mkono wa shati uliopandishwa juu.

"Huyu ndiye mume wangu," alitangaza siku ya kwanza, akimwinua juu. "Ninyi wengine mmekuja kumsindikiza."

Ndoa ile iliingia doa mapema. Alasiri ileile kopo la makaa lilipozungushwa, bwana harusi alikohoa mpaka akawa mwekundu.

"Mama, moshi hapana," binti alisema, akimtoa mtoto nje.

"Moshi huu ndio uliokulea wewe."

"Ulinilea na kikohozi juu."

Basi moshi ukaachwa. Bibi Moshi hakukosa la kufanya. Alichemsha mafuta ya nazi na mchaichai na karafuu, akayachuja kwa kitambaa cha bitana, na binti yake alipokuwa akioga akampaka mtoto kuanzia kisogoni hadi vidole vya miguu. Kufika jioni mgongo mzima wa mtoto ulikuwa na vipele. Kliniki walimwambia binti kwamba ngozi ya mtoto mchanga hivyo haipakwi vitu vya namna hiyo, hata viwe vimetoka shambani kwa malaika. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo iliyomtisha mama yake.

"Kuanzia leo usimshike mpaka mikono yako iache kunukia."

Taabu ni kwamba haikuacha. Bibi Moshi mwenyewe alijipaka dawa hiyo asubuhi na mchana, akanukia karafuu mpaka kwenye kucha. Kuacha kujipaka kungekuwa kukubali, na kukubali hakukuwa katika tabia zake. Ikawa mtoto anapita mbele yake juu ya mgongo wa mama yake, ndani ya mbeleko, kama kitambaa cha bei kubwa kwenye dirisha la duka: unatazama, hugusi. Alimtamani mjukuu yule mchana kutwa. Akiwa peke yake alikunja vipande vya nguo, akavipakata, akacheka na upumbavu wake.

Hapo ndipo alipokuja na kivumbasi, mmea wa harufu kali unaosemwa kufukuza mbu.

"Harufu haigusi ngozi," alisema, na kwa hilo hata binti yake akakubali. Mtoto alilala mchana barazani, juu ya mkeka, kando ya cherehani. Basi Bibi Moshi akapanda kivumbasi kwenye makopo ya maziwa na ya rangi, akayapanga kuuzunguka mkeka kama walinzi. Baraza lake lilikuwa na sakafu nyekundu aliyoisugua kwa nta kila wiki, sakafu ambayo ukiinama unayaona meno yako. Kopo lililotobolewa chini lingevujisha tope juu ya sakafu hiyo, na hilo lisingewezekana yeye akiwa hai. Kwa hiyo kila kopo lilikaa juu ya mfuniko wa ndoo ya rangi, mifuniko mipana yenye kingo, aliyopewa na wapaka rangi waliokuwa na kazi ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi alimwagilia kwa moyo wote. Udongo ukinywa na kushiba, maji yaliyobaki yalitulia mfunikoni, na sakafu ikabaki kavu inang'aa.

Kwa siku kadhaa kulikuwa na amani. Kisha mtoto akaanza kuumwa na mbu. Usiku, ndani ya chandarua, hakuumwa hata mara moja. Aliumwa mchana, miguuni, na kila jioni binti alipomvua soksi alikuta alama mpya nyekundu kwenye vifundo.

Bibi Moshi alijua mara moja wa kumlaumu. Alivuka uchochoro hadi kwa fundi matairi, ambaye pembeni ya kibanda chake kulikuwa na rundo la matairi chakavu.

"Hiyo ni nyumba ya wageni ya mbu!" alianza akiwa bado njiani.

"Shikamoo kwanza, bibi."

"Marahaba. Mbu wote wa mtaa huu wanazaliwa hapa, wanakula kwangu."

"Bibi Moshi, hayo nimeyatoboa yote tangu mvua zilizopita. Inama uangalie. Hayashiki maji hata kwa bahati mbaya."

Hakuinama. Aligeukia wapita njia, akapaza sauti: "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi kiko kwa jirani!" Watu wakacheka, na fundi matairi naye akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Lakini maneno yaliendelea kesho yake na keshokutwa, na mwishowe akachoka. Aliyaviringisha matairi yake moja moja hadi kwenye kiwanja cha shemeji yake, mwisho wa mtaa, jasho likimtiririka. Tangu hapo kila mteja aliyetaka tairi kuukuu alimfanya afunge safari.

Mtoto aliendelea kuumwa. Bibi Moshi akaongeza makopo. Alipoongeza makopo mbu nao wakaongezeka, na walipoongezeka akaongeza tena, mpaka ikawa kupita barazani ni kuruka ruka. Wakubwa nao walianza kujikuna. Mteja mmoja aliyekuja kupimwa gauni alijipiga vibao miguuni mpaka tepu ikakosea kiuno.

Jioni moja binti alimaliza kumkagua mtoto, akamvisha soksi, akasema, "Mama, Jumamosi tunarudi."

"Likizo yako haijaisha."

"Haijaisha. Kwangu hakuna hata jani moja la dawa, na haumwi."

"Kwako ni ghorofani, mbu wanachoka njiani. Halafu bado sijajaribu vitunguu sau..."

"Umeona?" Binti hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Nikikuambia kitu unanijibu kabla sijamaliza. Nilisema kuhusu moshi, ukanijibu. Nilisema kuhusu mafuta, ukanijibu. Wewe hujawahi kukosea, mama. Mimi nimechoka kuwa upande wa wanaokosea kila siku."

Akaingia ndani. Bibi Moshi alisikia zipu ya begi ikifunguliwa, na sauti ile ikamchoma kifuani. Alijibu maneno mengi kichwani usiku ule, na hakuna hata moja lililomridhisha.

Siku iliyofuata alikuwa na sare za shule za kukunja pindo. Alivaa miwani yake, ambayo ilikuwa miwani ya cherehani tu. Ilining'inia shingoni kwa uzi saa zote na kupanda puani kwa kazi ya sindano peke yake. Kupika hakukuhitaji miwani, wala kumwagilia. Alipokuwa akibadili uzi, bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, ilimponyoka, ikabiringika juu ya sakafu ile ya kuteleza, ikapita kati ya makopo mawili, ikatumbukia tubwi.

Akapiga magoti kuitafuta, miwani ikiwa bado puani.

Bobini ilikuwa imelala ndani ya mfuniko, na kuizunguka maji yalikuwa yakicheza. Vidudu vyembamba vilijikunja na kujikunjua, vikapanda juu kuvuta pumzi, vikashuka tena. Viluwiluwi. Hakuhitaji kuambiwa, nusu ya mtaa yeye ndiye aliyewaonyesha, kwenye ndoo zao, kwa kidole na kwa makelele. Akatazama mfuniko wa pili. Akatazama wa tatu. Kote kulikuwa na watoto wa mbu, wamenenepa, wamefugwa kwa maji safi ya kila asubuhi. Mbu mmoja mwenye miguu ya madoadoa aliinuka kutoka ukingoni, akapita karibu na jani la kivumbasi bila hata kupiga chafya, akaelekea kwenye mkeka.

Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa ameliangalia la kila jirani.

Barazani hakukuwa na mtu. Binti alikuwa ndani anakunja nguo. Na tusimsingizie utakatifu: Bibi Moshi alichukua mfuniko mmoja upesi upesi, akaumwaga kwenye mchanga wa uani, na jua likayanywa maji yale na yote yaliyokuwamo. Ilikuwa rahisi mno. Angeweza kuimwaga yote, kuipangusa, kuirudisha, na hakuna ambaye angejua. Mbu wangepungua wenyewe. Lakini wangepungua Jumamosi imepita, begi limeondoka, na likizo nyingine mjukuu angepelekwa kwingine. Akisema tu kwamba kuanzia leo mbu wamekwisha, nani angemwamini? Alikuwa amesema hivyo kwa moshi, kwa mafuta na kwa makopo. Kitu pekee ambacho binti yake angekiamini kilikuwa kimo ndani ya mifuniko ile.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akauinua mfuniko wenye bobini kwa mikono miwili.

"Njoo, mwanangu," aliita. "Njoo uone."

Binti alitokea mlangoni, mtoto mgongoni, shati dogo mkononi. Bibi Moshi alimnyooshea miwani.

"Sihitaji miwani, mama. Naviona."

"Mimi sikuviona."

Binti alitazama maji, akatazama makopo yaliyouzunguka mkeka, akaelewa bila kusaidiwa.

"Ni mimi," Bibi Moshi alisema. "Ni mimi niliyewafuga. Nilikuwa naogopa sakafu isichafuke. Wewe ulikuwa na haki, na mimi nimekosea. Fundi matairi naye hana kosa."

Kisha, kwa kuwa dawa chungu hunywewa yote kwa mkupuo mmoja, akamwita jirani juu ya ukuta. Fundi matairi alifika akipangusa mikono kwa tambara.

"Bibi, matairi yalikwisha. Labda unataka nijiviringishe na mimi."

Akaonyeshwa mfuniko. Alibana midomo. Mashavu yakamvimba, macho yakamtoka machozi, na mwisho kicheko kikampasuka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Kikulacho..." alianza.

"Limalize," alisema Bibi Moshi. "Umelitolea jasho."

"...ki nguoni mwako, bibi."

"Haya. Nisamehe, baba. Karudishe matairi yako, na mimi nitakusaidia kuyaviringisha."

Fundi akajikuna kichwa. Msamaha kutoka kwa mama yule hakuuzoea, hakujua auweke wapi. "Maua usiyatupe," alisema. "Hayana kosa. Jaza mchanga kwenye mifuniko mpaka ukingoni, halafu weka kopo juu. Maji yakishuka mchanga unayanywa, hayatuami, na sakafu yako haiguswi. Nami mchanga ninao nyuma ya kibanda, ulibaki nilipojenga. Ila usimwagilie kama unazima moto. Kivumbasi hakina kiu hiyo."

Bibi Moshi alikuwa na maneno tayari ulimini. Mchanga wa fundi ulikuwa wa ujenzi, una vumbi, na nani aliyemfundisha fundi matairi habari za maua? Akayameza. Alimsikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza akasema, "Asante, baba," basi. Binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliliona hilo.

Fundi akaenda kuleta mchanga. Bibi Moshi alimwaga mfuniko mmoja baada ya mwingine juani, akaokoa bobini yake, akaenda bombani. Alisugua mikono kwa sabuni ya kufulia na majivu, akasuuza, akasugua tena mpaka viwikoni. Aliporudi alikaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, mikono imelala mapajani, mitupu.

Alisikia mbeleko ikifunguliwa. Binti yake alikuwa ameinama mbele yake, na mtoto alikuwa akirusha miguu hewani, anauangalia uzi wa miwani kwa uchu.

"Mshike," binti alisema.

Bibi Moshi alinusa viganja vyake. "Bado vinanukia kidogo."

"Mshike, mama. Nikatoe nguo kwenye begi."